Miaka tisa na dokta wa mifugo anaekuja nyumbani na deli lake: chanjo za mbwa na paka, mazuri na mapungufu

Watu wa mtaani huku Goba, Dar es Salaam, wananiuliza sana nani ananichanjia mbwa, na nikijibu swali linalofata ni bei, afu wanashtuka wanasema mbona kuna duka kule chini wanachoma kwa elfu tano. Sasa nimeamua niandike yote kwa pamoja maana mi nimeshapita kote, kwa elfu tano na kwa huyu dokta, na tofauti yake nimeizika mwenyewe kwenye ua wa nyuma.

Huduma ninayoizungumzia ni ya daktari wa mifugo anaezunguka na pikipiki, amesajiliwa na Baraza la Veterinari, amesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, anakuja mpaka mlangoni na deli dogo la bluu amelifunga nyuma na mpira. Jina lake siweki, hakuniomba nimtangaze. Ntaeleza anavyofanya kazi ili na wewe huko uliko ukimpata wa kwako ujue uangalie nini.

Nianze na Jimi. Jimi alikua mtoto wa mbwa chotara, mweusi mwenye soksi nyeupe, tulimchukua akiwa na wiki sita hivi. Nilimpeleka mwenyewe kwenye duka la dawa za mifugo, kijana akafungua friji, chanjo ipo mlangoni mwa friji pamoja na chupa za maji na soda za kuuza, na kipindi kile umeme ulikua unakatika karibu kila siku. Akachoma, akasema "tayari dada, huyu kashamaliza". Hakuna kadi, hakuna tarehe ya kurudi, sikujua hata niulize nini. Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa kwamba mbwa wangu kachanjwa, na kwenye akili yangu chanjo ilikua ni kitu cha mara moja, kama ndui.

Wiki ya kumi na moja Jimi akagoma kula. Jioni akatapika povu la njano, usiku akaanza kuharisha damu, na ile harufu ukishawahi kuisikia huisahau, hata nikiipata leo kwenye nyumba ya mtu najua ni pavo, ule ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, kabla sijaambiwa. Tulimtundikia dripu siku tatu, laki na themanini ikaondoka, na siku ya nne asubuhi mwanangu wa mwisho alikuta kashakua wa baridi kwenye boksi lake. Alikua darasa la pili. Alikaa pale chini na sare yake ya shule hataki kuondoka.

Huyu dokta ndo nilimpata hapo, jirani alimuita aje kutusaidia na dripu ila alikua kashachelewa. Baada ya kuzika hakuondoka haraka. Akauliza alichanjwa lini, wapi, mara ngapi, afu akanieleza kitu ambacho mpaka leo naona kila mwenye mbwa angetakiwa kuambiwa siku anayokabidhiwa mtoto. Mtoto wa mbwa akinyonya maziwa ya mwanzo, yale mazito ya dang'a, anapata kinga ya mama yake. Ile kinga inamlinda wiki za mwanzo, lakini hiyohiyo inaiua chanjo ukimchoma mapema, yani mwili unaikamata chanjo kama unavyokamata ugonjwa, haijafanya kazi yoyote. Na kinga ya mama inaisha kwa wakati tofauti kwa kila mtoto, mmoja wiki ya nane, mwingine ya kumi na mbili, mwingine inasogea mpaka karibu na ya kumi na sita. Huwezi kujua wa kwako ni yupi. Kwahiyo unarudia rudia, ili ile siku kinga ya mama ikiondoka chanjo iwe inasubiri mlangoni. Ndo maana sindano moja ya wiki sita sio chanjo, hata kama dawa yenyewe ingekua nzima.

Na hakukuwa na uhakika kama ilikua nzima. Chanjo ya mchanganyiko wa pavo na distempa, kirusi kingine cha mbwa kinachoshambulia mapafu na ubongo, ina virusi hai waliopunguzwa nguvu, imekaushwa ikawa kama kidonge cha unga ndani ya kichupa, inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 mpaka 8 kuanzia kiwandani mpaka inapoingia kwenye ngozi. Ikipata joto wale virusi wanakufa na unachomwa maji tu. Ya kichaa cha mbwa haina virusi hai, yenyewe ina uvumilivu zaidi, ipo aina ambayo imepimwa ikakaa miezi mitatu kwenye nyuzi 30 na bado ikafanya kazi. Ila hii ya pavo na distempa usijaribu.

Akasema tena tusilete mbwa mwingine mdogo haraka, kirusi cha pavo kinakaa kwenye udongo miezi mingi, mwaka hata. Sabuni ya kawaida haikisumbui, sakafu ya kibaraza tuoshe kwa jiki, kipimo kimoja kwenye maji thelathini, tukishaondoa uchafu kwanza. Tukafanya. Tukakaa miezi minane bila mbwa.

Bosi alikuja 2016. Siku ya kwanza ya chanjo yake niliangalia kila kitu maana sikua tena na imani na mtu. Dokta akaweka deli juu ya meza ya kibarazani, akafungua, ndani kuna mapande ya barafu yamefungwa kwenye gazeti ili chupa zisigusane nayo, maana ikiganda pia inaharibika, na katikati kuna kipimajoto kidogo. Akanigeuzia nisome: 5. Hakuambiwa, alinionesha mwenyewe. Akampima Bosi joto, akamtazama fizi, akambonyeza tumbo, akasikiliza moyo, akauliza kala nini na minyoo kapewa lini. Ndo akatoa vichupa viwili, kimoja kina kile kiunga kidogo cheupe kimegandia chini, kingine kina maji yake, akavuta maji akayaingiza kwenye unga, akazungusha taratibu kidoleni bila kukitikisa, ikawa wazi. Akavuta ngozi ya juu ya bega kama unavyoshika kitambaa, akachoma. Bosi hakulia, alikua bize na kidole changu chenye samli.

Afu akabandua stika kwenye kichupa akaibandika kwenye kitabu, stika ina namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, akasaini, akagonga muhuri na namba yake ya usajili, akaandika tarehe ya kurudi. Hicho kitabu ninacho mpaka leo, kimechakaa kona zote.

Ratiba yenyewe ilikua hivi. Wiki ya 8 mchanganyiko, yani distempa, pavo, homa ya ini ya mbwa na leptospira, ugonjwa wa mkojo wa panya. Wiki ya 12 tena mchanganyiko na hapo hapo kichaa. Wiki ya 16 mchanganyiko wa mwisho wa utoto, na hii ya 16 ndo watu wengi wanairuka kwa sababu mtoto keshakua mkubwa anaonekana mzima, wakati kwa maelezo ya dokta ukiambiwa uchague moja tu usiyoiruka ni hiyo. Mpaka hapo hakuruhusiwa kutoka nje ya geti wala kunusana na mbwa koko. Afu akifika mwaka mmoja anarudiwa yote. Baada ya hapo distempa, pavo na ile ya ini ni kila miaka mitatu, kinga yake inakaa. Leptospira ni kila mwaka bila kuruka. Kichaa dokta wetu anachoma kila mwaka.

Hapa ndo nilipomuamini zaidi huyu mtu. Angeweza kunichomea mchanganyiko mzima kila mwaka na kuchukua hela yake, nisingejua. Mwaka wa pili wa Bosi alikuja na kichupa cha leptospira na kichaa tu, nikamuuliza mbona ya pavo haipo, akasema "haihitaji mwaka huu dada, ipo mwilini, tunarudia 2020". Na 2020 alikuja nayo kweli.

Kuhusu leptospira nilikua nabisha, nikiona ni gharama ya bure. Huo ni ugonjwa wa mkojo wa panya, unaingia kwenye madimbwi, mbwa anakunywa au anakanyaga, na yeye akiugua anautoa kwenye mkojo wake na watu ndani ya nyumba wanaupata. 2022 ulipotokea ule ugonjwa wa Lindi, kule Ruangwa, watu wanatokwa damu puani na watatu wakafariki, nchi nzima ikawa na hofu, afu ikatangazwa kwamba ni homa ya mgunda, ndo yenyewe leptospira. Siku hiyo nilitoa kitabu cha Bosi nikaangalia tarehe. Huku kwetu mvua za masika zikianza panya wa mtaroni wote wanahamia uani, kwahiyo dokta anaipanga ya kwangu mwezi wa pili kabla mvua hazijaanza.

Distempa nayo watu wanaichukulia poa kwa sababu jina halijulikani. 1994 iliingia Serengeti ikaua takribani theluthi moja ya simba wa hifadhi, kama elfu moja hivi, na ilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Mbwa wa watu kama mimi na wewe, wasiochanjwa. Dokta alinihadithia hilo akiwa anamshika Bosi taya na nikawa namtazama yule mbwa wangu kwa macho mengine kabisa.

Kitu kingine ninachokipenda, akishachoma haondoki. Anakaa dakika ishirini mpaka nusu saa, anakunywa chai. Mwanzoni nilidhani ni maongezi tu. Mwaka wa tatu, dakika kama kumi baada ya sindano, Bosi akaanza kusugua uso kwenye mkeka, nikaona jicho moja linapotea, mdomo umevimba kama kaumwa na nyuki. Dokta aliweka kikombe chini, akafungua mkoba, akamchoma dawa ya mzio, na ndani ya saa moja uvimbe ukaanza kushuka. Akaandika kwenye kitabu kwa wino mwekundu. Tangu hapo kila mwaka anampa kwanza dawa ya kuzuia mzio na anazitenganisha sindano, leo moja, baada ya wiki tatu nyingine, na nauli ya safari ya pili haniongezei. Sasa fikiria ingekua ni yule wa kuchoma na kuondoka. Hali hiyo ni ya nadra, mbwa wengi wanakua wamepoa tu siku moja au mbili, wanalala sana, chakula wanaacha kidogo, ila ikitokea inatokea haraka na anaeweza kuizuia ni yule aliekaa.

Kichaa sasa. Hii nisiandike kwa kirefu maana kila mtu anajua kinaua, ila wengi hawajui kwamba dalili zikishaanza kwa mtu hamna dawa, ni kifo. Bosi aliwahi kumng'ata mtoto wa jirani, alikua anavuta mpira chini ya geti na Bosi akapitisha meno, kidole cha mkono kikatoka damu. Jirani alikuja amebadilika sura, na ana haki. Cha kwanza dokta kwenye simu alisema mtoto aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, msimpake kitu, afu hospitali. Wengine tulikua tunashika saa. Cha pili nikapeleka kitabu hospitali, daktari akaona stika, tarehe, muhuri, kichaa kimechomwa miezi mitano nyuma. Bado mtoto alihudumiwa na Bosi akafungiwa siku kumi chini ya uangalizi, dokta akaja kumwona siku ya kwanza na ya mwisho. Lakini mama wa yule mtoto aliweza kulala, na mpaka leo tunasalimiana. Bila kile kitabu sijui ningemwambia nini.

Baada ya hapo dokta na mwenyekiti wa mtaa walikaa, ikapangwa siku ya kuchanja kichaa mbwa na paka wote wa mtaa, karibu na Septemba 28 ambayo ndo siku ya kichaa cha mbwa duniani. Watoto walileta mbwa kwa kamba za katani, kwa mikanda ya shule, mmoja kabeba paka kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Lengo ni kufikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, hapo ugonjwa unakosa pa kupita hata kama waliobaki hawajachanjwa. Pemba walichanja kwa kampeni za kurudia rudia na kichaa kikaondoka kisiwani, kikarudi tena, wakachanja tena kikaondoka. Kinachonisikitisha ni kwamba huku mtaani mtu anawapa kuku wake tone la kideri machoni kila miezi mitatu hakosi, afu mbwa anaelala mlangoni na kuchezewa na watoto wake hajawahi kuona sindano.

Kwa upande wa paka, Kibibi alikuja mwenyewe 2019, mdogo, mchafu, macho yameziba matongo. Dokta alikataa kumchanja siku hiyo. Alimkuta na homa, akasema mwili unaopigana na mafua usiuongezee kazi, akampa matibabu, akarudi baada ya wiki mbili. Nilikasirika kidogo kwa nauli, ila ni sahihi. Chanjo ya paka ni ya mafua yake mawili pamoja na ile panleukopenia ambayo wenyewe wanaiita pavo ya paka, unaanza wiki ya 8 na kurudia mpaka ya 16 kama mbwa, mwaka mmoja, afu kila miaka mitatu kwa paka wa ndani asiezurura. Na kichaa, ndio, paka anapata kichaa, watu wanasahau kwa sababu ya jina. Mbinu ya dokta ya kumshika ni foronya, anamwingiza kichwa kikiwa nje, anamwongelesha, sindano inapita pembeni, hakuna kucha hakuna damu. Kibibi anamchukia vibaya sana lakini hajawahi kumkwaruza.

Bosi sasa ana miaka tisa, ndevu nyeupe, nyonga inamsumbua asubuhi. Nilimuuliza dokta kama mbwa mzee bado anahitaji, maana nilisikia mtu anasema wakizeeka wanaachwa. Akasema mzee ndo kinga yake inachoka, kinachobadilika ni uchunguzi kabla ya sindano unakua mrefu. Mwaka huu alimsikiliza moyo muda mrefu, akachukua damu kuangalia figo, majibu yakaja mazuri ndo akachoma. Sindano yenyewe ni sekunde tatu, uchunguzi ulichukua nusu saa, na naona hiyo nusu saa ndo ninayoilipia.

Mapungufu yapo na nayasema wazi. Anachelewa, ukiambiwa saa tatu jiandae na saa sita, kwa sababu akiitwa kwenye ng'ombe anaeshindwa kuzaa anakwenda huko kwanza. Simu hapokei jioni. Kuna mwaka alisahau kabisa kunikumbusha leptospira, tukapitiliza karibu miezi saba, ikabidi Bosi aanze upya sindano mbili za kupishana wiki tatu, na ya pili alichoma bila kunichaji kwa kuwa kosa lilikua lake, ila mbwa alikua wazi masika nzima na hilo halilipiki. Siku hizi naweka kikumbusho kwenye simu mwenyewe, na wewe weka. Risiti lazima uombe. Na chanjo ya paka mara nyingi hana, inabidi aagize kwa idadi.

Bei kwangu mchanganyiko wa mbwa ni elfu thelathini na tano, kichaa elfu kumi na tano, na elfu kumi ya mafuta kama hamjaungana majirani. Mtoto wa mbwa mpaka anamaliza wiki ya 16 ni kama laki na ishirini ukitoa nauli. Najua ni hela. Kama hali ni ngumu, kichaa subiri siku ya halmashauri, mara nyingi inakua bure au bei ndogo, weka nguvu kwenye zile tatu za utotoni. Na ukimuita dokta yeyote, wa kwangu au wa kwako, muombe akuoneshe kipimajoto kabla hajafungua kichupa, na stika uibandue mwenyewe. Anaekasirika kwa hilo mrudishe getini.

Kibibi tarehe yake ya miaka mitatu inafika mwezi ujao. Dokta anataka paka watano ndo aagize, mpaka jana tumefika wanne, yupo wa kwangu, wawili wa mama wa duka la nafaka, na yule wa fundi cherehani. Mwenye paka huku Goba, Kinzudi au Madale anipigie hodi, nyumba yenye geti la kijani na mbwa mzee anaelala kizingitini.